Kupima Ukali wa Maradhi ya Kukatika Pumzi Usingizini

Katika vyama vingi shauri la mlinzi aliyekutwa amelala akiwa zamu halichukui muda mrefu mbele ya kamati. Katibu husoma taarifa, mwenyekiti humwuliza mtuhumiwa kama ana la kusema, naye hujibu kwamba usingizi ulimchukua bila yeye kujua. Wajumbe hucheka kidogo, na barua ya onyo au ya kuachishwa kazi huandikwa siku ile ile. Hali kadhalika dereva wa lori la chama aliyeacha barabara mchana kweupe: hasara ya magunia hupigiwa hesabu, na sababu huandikwa kuwa ni uzembe au ulevi.

Mara nyingine sababu ndiyo hiyo. Lakini wako watu ambao usingizi wao wa mchana ni deni la usiku, deni ambalo wenyewe hawajui kwamba wanalo. Deni hilo hupimika. Somo hili lahusu jinsi linavyopimwa, na jinsi kipimo chenyewe kinavyoweza kupotosha kisiposomwa vema. Makatibu waliozoea mizani na daftari la mapokezi hawataona ugumu kulifuata.

Koo la mwanadamu, nyuma ya ulimi, ni njia laini isiyo na mfupa wa kuishikilia. Mtu akiwa macho, misuli huiweka wazi. Akilala, misuli hulegea. Kwa baadhi ya watu njia husongamana hata hewa ikapita kwa shida, na hapo ndipo kukoroma hutokea. Kwa wengine njia hufunga kabisa. Kifua na tumbo huendelea kuvuta lakini hewa haiingii, oksijeni ya damu hushuka, na ubongo humshtua mwenyewe kwa sekunde chache ili afungue koo. Huvuta pumzi kwa kishindo, kisha hurudi usingizini. Asubuhi hakumbuki lolote. Jambo hilo likitokea mara mia mbili kwa usiku mmoja, mtu amekaa kitandani saa 8 lakini hakupumzika, na moyo wake umesukumwa kupanda na kushuka usiku kucha. Maradhi haya huambatana na shinikizo la damu, mapigo ya moyo yasiyo sawa, na kiharusi. Iko pia aina ya pili, isiyo ya kawaida sana, ambayo koo halijafungwa ila ubongo wenyewe husita kutoa amri ya kupumua, na kifua hutulia.

Waganga walichelewa kuyafahamu. Mwaka 1965 Henri Gastaut na wenzake huko Marseille, Ufaransa, na Richard Jung na Wolfgang Kuhlo huko Ujerumani, kila upande kwa wakati wake, waliandika kwamba watu wanene wenye kusinzia mchana hukatika pumzi mara nyingi wakilala. Mwaka 1976 Christian Guilleminault, Ara Tilkian na William Dement wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliyapa maradhi hayo jina na mpaka: mtu ahesabiwe kuwa mgonjwa akikatika pumzi angalau mara 30 katika usingizi wa saa 7. Atakayegawanya 30 kwa 7 atapata kama 4.3 kwa saa. Hesabu hiyo ndiyo iliyosawazishwa baadaye ikawa 5 kwa saa, na kuanzia hapo maradhi haya yamepimwa kwa saa, kama vile mshahara wa kibarua.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba kukoroma si kipimo. Mwenye kukoroma hujulikana na nyumba nzima, lakini wako wakoromaji wengi ambao pumzi yao haikatiki kamwe. Lenye maana zaidi ni ukimya. Mke au mume anayelala chumba kimoja na mgonjwa husikia mkoromo ukipanda, kisha ukakoma ghafla, kimya kikadumu hata akaogopa, ndipo mvumo mkubwa ukafuata. Shahidi huyo hana chombo chochote, lakini neno lake huwa la kwanza katika maelezo ya daktari, na mgonjwa afikaye hospitali peke yake aghalabu huacha nyumbani habari iliyo bora kuliko zote.

Upimaji kamili hufanywa kwa kulala usiku mmoja chini ya uangalizi. Waya ndogo hubandikwa kichwani kuonyesha mawimbi ya ubongo, nyingine kando ya macho na kidevuni, ili ijulikane kwa hakika mtu amelala saa ngapi na kwa usingizi wa namna gani. Kifaa puani hupima mwendo wa hewa. Mikanda miwili, mmoja kifuani na mmoja tumboni, huonyesha kama mwili unavuta au umetulia, na kwa hiyo hutenganisha zile aina mbili za maradhi. Kidole hubanwa na kifaa cha oksijeni. Moyo na miguu huangaliwa pia. Usiku wote hugawanywa vipande vya sekunde 30, hata saa 8 zikawa vipande 960, na mtaalamu huvipitia kimoja kimoja. Zamani kazi hiyo ilifanywa juu ya karatasi. Ilipopita kwa mwendo wa sentimita 1 kwa sekunde, usiku wa saa 8 ulitoa karatasi yenye urefu wa mita 288. Mkaguzi wa vitabu anayelalamikia daftari nene na afikiri juu ya hilo.

Katika vipande hivyo mtaalamu huhesabu matukio ya namna mbili. La kwanza ni pumzi iliyokatika: mwendo wa hewa umeshuka kwa asilimia 90 au zaidi, kwa muda usiopungua sekunde 10. La sekunde 9 halihesabiwi. La pili ni pumzi pungufu: hewa haikukoma, bali imepungua kwa asilimia 30 au zaidi kwa sekunde zizo hizo 10, na upungufu huo umefuatwa na kushuka kwa oksijeni au kushtuka kwa ubongo. Matukio yote mawili hujumlishwa, jumla ikagawanywa kwa saa za usingizi. Jibu ndilo kiwango kwa saa, ambacho katika vyeti vya hospitali huandikwa kwa herufi AHI. Kwa mtu mzima, chini ya 5 ni kawaida. Kuanzia 5 hata kabla ya 15 ni maradhi hafifu. Kuanzia 15 hata kabla ya 30 ni ya wastani. 30 na zaidi ni makali. Madaraja hayo yalipendekezwa na jopo la wataalamu wa Marekani mwaka 1999. Kwa mtoto mizani hii haifai: yeye akipita tukio 1 kwa saa tayari hutazamwa, na mara nyingi mafindofindo yaliyovimba ndiyo huziba njia.

Hesabu yaonekana nyepesi, kujumlisha na kugawanya tu. Lakini kila katibu ajua kwamba ugomvi wa mizani hautoki katika hesabu. Hutoka katika yale yaliyowekwa juu ya mizani, na katika kile kilichogawanywa kwacho.

Mfano utaonyesha. Mlinzi wa ghala, umri miaka 52, amelazwa kupimwa saa 4 usiku na kuamshwa saa 12 asubuhi. Ni saa 8 za kitandani, lakini mawimbi ya ubongo yaonyesha kwamba alilala saa 5 tu. Pumzi ilikatika mara 62. Pumzi pungufu zilikuwa 98. Jumla ni 160, na 160 kwa 5 ni 32. Cheti chasema: makali.

Sasa mlinzi yule yule apimwe usiku ule ule kwa kifaa kidogo cha nyumbani, ambacho hakina waya za kichwani. Kifaa hicho hakijui mtu alilala saa ngapi. Chajua tu kilikuwa kimewashwa saa 8. Hata kama kingeyaona matukio yote 160, kingegawanya kwa 8, na jibu ni 20. Cheti chasema: wastani. Tena kifaa cha namna hiyo hakiyaoni matukio ambayo alama yake ya pekee ni kushtuka kwa ubongo, kwa hiyo jumla nayo hupungua.

Liko na jambo la tatu. Juu ya pumzi pungufu kuna kanuni mbili zinazotumika hadi leo. Moja yataka oksijeni ishuke kwa asilimia 3, au ubongo ushtuke. Nyingine yataka asilimia 4, na haijali kushtuka. Ndiyo ifuatwayo na bima ya serikali ya wazee huko Marekani. Tuseme kwa kanuni ya pili pumzi pungufu za mlinzi ni 38 badala ya 98. Jumla ni 100. Kwa saa 5 za usingizi jibu ni 20. Kwa saa 8 za kifaa cha nyumbani jibu ni 12.5. Cheti chasema: hafifu.

Koo ni moja, usiku ni mmoja, na vyeti ni vitatu. Hakuna aliyeiba, wala hakuna aliyekosea kujumlisha. Ni kana kwamba gunia moja limepimwa mara moja likiwa na unyevu, mara nyingine likiwa limekauka, na mara ya tatu uzito wake ukagawanywa kwa idadi ya wakulima waliojiandikisha badala ya walioleta mazao. Namba bila kanuni yake ni nusu ya habari.

Tofauti hiyo si ya mfano wa darasani tu. Mwaka 1993 Terry Young na wenzake walitoa matokeo ya kupima wafanyakazi wa jimbo la Wisconsin, Marekani, wenye umri wa miaka 30 hadi 60. Walikuta kwamba wanaume 24 katika kila 100, na wanawake 9 katika kila 100, walikuwa na kiwango cha 5 au zaidi kwa saa. Mwaka 2015 wataalamu wa Lausanne, Uswisi, walitangaza upimaji wa watu zaidi ya 2,000 wenye miaka 40 na zaidi, kwa vyombo vyepesi kunasa na kwa kanuni mpya: karibu nusu ya wanaume, na wanawake 23 katika kila 100, walifikia 15 au zaidi. Umri wa watu wa Lausanne ulikuwa mkubwa zaidi, na miili ya watu imenenepa katika miaka hiyo. Lakini sehemu kubwa ya ongezeko yatokana na mizani yenyewe. Asiyeuliza kanuni atadhani ugonjwa umeenea kama moto wa nyika.

Hapo yafaa kukitazama kifaa cha kidoleni, maana ndicho ambacho mwanachama wa kijijini huenda akakutana nacho kabla ya chombo kingine chochote. Msingi wake uliwekwa na Mjapani Takuo Aoyagi, aliyetangaza ugunduzi wake mwaka 1974. Mwanga hupita katika kidole, na kwa kuwa damu yenye oksijeni na damu isiyo nayo hazifyonzi mwanga kwa namna moja, chombo hukadiria asilimia. Lakini mwanga hupita pia katika ngozi. Desemba 2020 wataalamu wa Michigan, Marekani, walilinganisha kifaa hicho na damu iliyotolewa mshipani, wakakuta kwamba kwa wagonjwa weusi kilikosa kuonyesha upungufu mkubwa wa oksijeni karibu mara tatu kuliko kwa wagonjwa weupe. Kwa lugha ya ghalani, hiyo ni mizani inayopunja upande mmoja, na upande unaopunjwa ndio wetu. Kwa upimaji wa usingizi kuna nafuu kidogo: kinachotafutwa zaidi ni kushuka kwa asilimia 3 au 4 kutoka pale mgonjwa mwenyewe alipokuwa, na mizani iliyozidisha kwa kiasi kile kile usiku kucha bado huonyesha kupanda na kushuka. Lakini ile namba nyingine katika cheti, yaani dakika ambazo oksijeni ilikuwa chini ya asilimia 90, yapasa isomwe kwa hadhari. Mtu mweusi aliyeandikiwa dakika sifuri huenda alikuwa nazo.

Tena kiwango kwa saa huhesabu matukio, hakipimi urefu wake. Watu wawili wameandikiwa 20 kwa saa. Wa kwanza kila tukio lake ni la sekunde 10: katika saa moja amekosa hewa sekunde 200, yaani dakika 3 na sekunde 20. Wa pili kila tukio lake ni la sekunde 60: amekosa hewa dakika 20 katika kila saa. Cheti huwaweka daraja moja. Kwa sababu hiyo wataalamu wamekuwa wakitafuta kipimo kinachojumlisha kina na urefu wa kila kushuka kwa oksijeni. Mwaka 2019 Ali Azarbarzin na wenzake walionyesha kwamba jumla ya namna hiyo ilitabiri vifo vya maradhi ya moyo, ambapo hesabu ya matukio peke yake haikutabiri vema. Mpaka sasa, hata hivyo, madaraja ya 5, 15 na 30 ndiyo yanayotumika hospitalini, kwa hiyo mgonjwa aulize pia: pumzi ndefu kuliko zote ilikuwa ya sekunde ngapi, na oksijeni ilishuka hadi wapi?

Usiku nao hutofautiana. Mtu akilala chali koo hufunga upesi zaidi kuliko akilala ubavu; akinywa pombe jioni au akimeza dawa ya usingizi, misuli hulegea kupita kawaida. Aliye na 13 usiku wa leo aweza kuwa na 18 wiki ijayo. Mlinzi wa usiku ana tatizo lake zaidi, kwa kuwa yeye hulala mchana. Kumpima usiku, saa ambazo mwili wake umezoea kukesha, ni kupima usingizi usio wake. Na akipimwa mchana kisha pumzi ikaonekana safi, imebaki sababu nyepesi ambayo kamati nyingi haziulizi: huenda analima asubuhi hadi adhuhuri, akalala saa 3 tu. Mtu huyo hana maradhi ya koo. Ana kazi mbili.

Vyumba vya kupimia usingizi ni vichache Afrika Mashariki, navyo viko katika miji mikubwa. Kwa hiyo si kila anayesinzia atapelekwa, na kuna njia za kuchuja. Mwaka 1991 Murray Johns wa Melbourne, Australia, alitunga maswali 8 kuhusu uwezekano wa kusinzia mahali mbalimbali: ukisoma, ukiwa abiria garini, ukiongea na mtu, na kadhalika. Kila swali hupewa 0 hadi 3, jumla ikiwa 24. Anayepita 10 husinzia kuliko kawaida. Kasoro yake ni kwamba dereva anayeogopa kupoteza leseni hujibu 0 kila mahali. Mwaka 2008 Frances Chung na wenzake wa Toronto, Kanada, walitangaza maswali mengine 8 ya ndiyo au hapana, ambayo nusu yake hayahitaji kumwamini mtu kwa neno: je, uzito ukigawanywa kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe wapita 35, je, umri wapita miaka 50, je, shingo yazidi sentimita 40, je, ni mwanamume? Mengine ni kukoroma kwa sauti, uchovu wa mchana, kuonwa akikatika pumzi, na shinikizo la damu. Ndiyo 3 au 4 ni hatari ya kati, 5 na zaidi ni hatari kubwa. Shingo hupimwa kwa futi ya fundi cherehani. Kwa uzito, mtu wa mita 1.70 hupita 35 akizidi kilo 101. Wanawake hupunjwa na maswali haya, kwa kuwa alama moja imetengwa kwa wanaume. Mwanamke mwenye kuumwa kichwa kila asubuhi na uchovu usioisha asiachwe kwa sababu ya alama hiyo.

Maswali hayo huonyesha tu nani apimwe kwanza. Hayasemi nani ni mgonjwa, wala hayawezi kutumika mbele ya kamati kama ushahidi.

Chama kikimpeleka mtumishi hospitali, barua ya katibu iseme mambo ambayo daktari hawezi kuyajua: saa za zamu, tarehe ambazo mtumishi alikutwa amelala, kama kuna ajali, na kama anaendesha gari au mashine. Mwenzi wake aombwe kufuatana naye. Cheti kitakachorudi ni mali ya mgonjwa, wala hakisomwi kikaoni. Kamati yahitaji neno moja tu la daktari, kama mtu huyo afaa kazi ile kwa sasa au ahamishwe mpaka atibiwe. Lakini mgonjwa mwenyewe ana haki ya kuuliza mambo manne juu ya namba yake: imegawanywa kwa saa za usingizi au saa za kifaa, kanuni ilikuwa ya asilimia 3 au 4, alilala chali kwa muda gani, na ni aina ipi kati ya zile mbili.

Majibu huamua tiba. Aliye na kiwango hafifu huambiwa apunguze uzito, aache pombe ya jioni, alale ubavu. Aliye na kiwango kikali aghalabu huhitaji mashine inayosukuma hewa puani na kulizuia koo lisifunge, tiba ambayo Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, waliitangaza mwaka 1981 baada ya kuijaribu kwa wagonjwa 5. Bei yake ni kubwa kwa mlinzi wa ghala, na mashine yataka umeme usiku kucha. Chama chenye mfuko wa maafa chaweza kulifikiria kwenye mkutano mkuu kabla halijatokea la kulifikiria kwa haraka.

Mashine nyingi za siku hizi hujiwekea daftari: saa zilizotumika kila usiku, na matukio yaliyosalia kwa kila saa. Yafaa mgonjwa na mganga wake wasome saa kwanza. Matukio 2 kwa saa katika usiku ambao mashine iliwashwa saa 1 na nusu hayasemi lolote juu ya saa 5 zilizobaki, alipokuwa ameivua.